Kiboko wa Tabaka

Mke wangu aliposema Ijumaa usiku kwamba kesho tunatoka kama familia, nilijua mimi nitatoka kama punda.

Ni yale yale kila maonyesho ya kazi za mikono yanapofika hapa Nakuru. Wenzangu huona sanaa, mimi huona mizigo. Tulilipia kiingilio watu watano, tukalakiwa na vumbi. Vumbi silinung'unikii sana. Inasemekana Wamaasai waliupa mji jina kwa ajili yake. Tangu tupewe hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, limekuwa tu vumbi la jiji.

Kwenye viondo tulikaa saa nzima. Mama watoto alishika kimoja cha mkonge, akakigeuza, akavuta kishikio cha ngozi, akakinusa, akakirudisha. Akavifanyia hivyo viondo kumi na vinne, nilihesabu, kisha akanunua kile cha kwanza. Kitinda mimba wetu naye alikuwa ameokota ngao ya Kimaasai na kumsukuma nayo mama mmoja tusiyemjua, mahali nisipoweza kupataja gazetini.

Mimi nilijikaza mpaka tukafika kwa kijana wa Tabaka, kule Kisii. Alikuwa na beseni la maji. Alichovya kiboko wa jiwe la sabuni, akamtoa aking'aa, mishipa ya waridi imemzunguka tumbo.

"Jiwe likitoka machimboni ni laini, mzee, linakubali kisu," alisema. "Baadaye ni msasa na maji, msasa na maji, mpaka vidole viishe."

Nikauliza bei. Elfu moja mia nane. Nikasema elfu moja. Akacheka vizuri, akauliza, "Kwani mmetoka wapi?"

Binti yangu, ambaye shuleni hajibu swali hata aitwe kwa jina, akadakia: "London!"

Bei ikapaa hadi elfu nne na mia tano.

Nilieleza. London ni mtaa, uko hapa hapa Nakuru, tunaenda kwa matatu, maji yenyewe ni ya mgao. Kijana alitabasamu kama mtu aliyezoea ujanja wa watalii. Ndipo mke wangu akaniokoa kwa namna yake.

"Kijana, hebu angalia viatu vyake."

Akaviangalia. Akaomba radhi. Akanipa kiboko kwa elfu moja mia mbili bila neno jingine, na nilihisi angeniongezea nauli kama ningesimama kidogo. Kwa haki, bei hiyo ni ndogo mno kwa vidole vilivyoisha, lakini siku hiyo huruma yangu yote nilikuwa nimejiwekea mwenyewe.

Kiboko akawa na uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye kiondo hakuruhusiwa, eti kitalegea. Nikambeba kwapani, kitinda mimba mgongoni, ngao shingoni, maana hatimaye ngao nayo ilinunuliwa kwa aibu.

Kwenye matatu makanga alimtazama kiboko. "Huyu analipa au anapakatwa?"

Nilimpakata mpaka London.

Sasa anazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo. Zamani kazi hiyo ilifanywa na tofali, na tofali tuliokota.