Mradi Usioacha Kitu: Mwongozo kwa Mkuu wa Mradi Anayeshuka Kalemie

Karibu Kalemie, Shefu. Tutakuita hivyo utake usitake, kuanzia uwanja wa ndege. Ukiliona ziwa lilivyotulia utadhani una muda. Huna. Mradi wako wa elimu na jamii ni wa miezi 18. Sita imekwisha ukingoja fedha zitoke, mitatu itakwenda kwa kuajiri dereva na kununua jenereta. Kwa hiyo fuata maelekezo haya bila kuyajadili.

Anza na kibao. Kitangulie mchanga na matofali. Kiwe cha bati, kiwe na nembo zisizopungua nne, kisimame mahali ambapo ujumbe kutoka Kinshasa utakisoma bila kuteremka garini. Usione haya kwamba pana vibao vingine. Tangu mapigano ya jamii za Watwa na Waluba yalipopamba moto mwaka 2016 na 2017, na watu zaidi ya laki tano wakayahama makazi yao katika mkoa huu wa Tanganyika, mashirika yamekuja na kuondoka, na hata MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, ilifunga ofisi yake hapa Juni 2022. Mabati yamebaki. Sisi hatuyatupi: kibao kikianguka, kinaezeka choo cha mtu, na choo hicho huenda kikaishi kuliko mradi.

Kisha fanya tathmini ya mahitaji, ila uhakikishe majibu yamekwisha andikwa ofisini. Hii ni muhimu, kwa sababu ukienda kambi za Katanyika au Kalunga ukawauliza deplase, waliohamishwa na vita, kwa moyo mweupe, mama mmoja atakuuliza swali lisilo na safu kwenye jedwali lako: mwalimu wa mwanangu analipwa na nani?

Mjibu kwa upole kwamba hilo ni jambo la serikali, umpe begi.

Nieleze kidogo, maana hapa ndipo wageni wengi hujikwaa wakaanza kufanya kazi ya maana. Tangu miaka ya 1990 wazazi wa Kongo ndio waliombeba mwalimu mgongoni kwa ile prime, mchango wao wa kila mwezi. Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ikatangazwa kuwa bure, na watoto wakamiminika, jambo la kushangilia. Prime ikafutwa. Lakini walimu wengi, wale tunaowaita NU, majina yao yalikuwa hayajaingia katika orodha ya mishahara ya Kinshasa, na wengine bado wanangoja. Darasa likajaa, mfuko wa mwalimu ukawa mtupu. Mwalimu huyo asubuhi yuko ubaoni, mchana yuko ziwani au shambani, na siku nyingine anaanza moja kwa moja na ziwa. Ukitaka mradi wako usifanikiwe, usimguse. Begi lina mahali pa kubandika nembo, mshahara hauna.

Ukimaliza mabegi, leta vitabu. Viwe vya Kifaransa, vingi, na uvipige picha vikiwa bado ndani ya maboksi. Mtoto wa hapa anaanza shule kwa Kiswahili, kisha Kifaransa kinamwangukia kabla hajajua kusoma vizuri kwa lugha yoyote. Huko Busia, Kenya, katika miaka ya 1990, watafiti waligawa vitabu rasmi vya Kiingereza katika shule za vijijini, wakapima. Wastani wa alama haukupanda. Waliofaidika ni wale waliokuwa tayari wanaongoza darasani, kwa kuwa ndio walioweza kuvisoma. Habari hii usimweleze mfadhili wako. Atauliza kwa nini vitabu visianzie pale mtoto alipo.

Na jihadhari na ng'ambo ya ziwa. Tanzania, mwaka 2013 na 2014, mpango wa KiuFunza ulijaribiwa katika shule 350. Shule zilizopewa ruzuku ya fedha peke yake hazikuonyesha maendeleo katika kusoma na kuhesabu. Zilizopewa ruzuku pamoja na bahashishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio, alama zilipanda. Fedha za vifaa, na mwalimu mwenye sababu ya kuvitumia: ukianza kufikiri hivyo, Shefu, umeharibika.

Sasa kamati. Sehemu hii isome mara mbili, maana hapa fedha nyingi hupotea kwa heshima zote. Mwaka 2007 mashirika ya IRC na CARE, kwa fedha za Uingereza, yalianzisha programu ya Tuungane katika Kivu Kusini, Maniema na Katanga, na Tanganyika yetu, wakati huo ikiwa wilaya tu, ilikuwamo. Vijiji zaidi ya elfu moja viliingia. Watu walichagua kamati, wakafundishwa uwazi na uwajibikaji, wakapewa ruzuku, na wengi wakaamua kujenga madarasa. Nia ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba waandaaji walikuwa waungwana mno: vijiji walivichagua kwa bahati nasibu, ili baadaye waliopata waweze kulinganishwa na waliokosa. Uungwana huo wewe usiuige.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, Macartan Humphreys na wenzake, hawakuridhika kuwauliza wanakijiji kama wamebadilika. (Nani atamwambia mgeni mwenye gari kwamba hajabadilika?) Walikwenda vijiji 560, vingine vilivyopitiwa na Tuungane na vingine la, wakatoa dola 1,000 kwa kila kijiji, kisha wakaangalia nani anaamua, nani anakula, nani anauliza. Ripoti yao ya 2012 haikukuta tofauti ya maana. Hata pale kamati zilipolazimishwa kuwa na wanawake sawa na wanaume, mitazamo juu ya wanawake haikusogea.

Wengi huisoma ripoti hiyo kama habari ya kushindwa. Mimi naona ndani yake sifa ambayo hakuna aliyetupa: vijiji ambavyo havijawahi kuona semina viliziendesha dola zile sawasawa na vile vilivyofundishwa kwa miaka. Watu hawa huzika wafu wao kwa michango, huzungusha likelemba, ule mchango wa kupokezana, na kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani huimaliza jioni hiyohiyo. Kukaa pamoja hawakuhitaji kufundishwa. Walihitaji madarasa, na madarasa yalipojengwa yalikuwa madarasa kweli. Wewe puuza hilo. Fungua semina ya siku tatu juu ya kukaa pamoja. Utoe na soda.

Ila usiongeze kitu kwenye mabaraza ya Watwa na Waluba, yale yanayokutanisha pande mbili baada ya damu kumwagika. Huko wanazungumza mambo ya mashamba, ushuru na nani alichoma nyumba ya nani, tena kwa muda mrefu, na hayana tarehe ya kumalizika. Hayafai kwa mradi.

Kuhusu kalenda, weka shughuli zako kubwa wakati hakuna mtu. Mvua zikianza, karibu na Oktoba, wazazi huwa mashambani: waitie mkutano hapo. Mwaka 2024 uvuvi ulifungwa ziwani kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaana. Familia ya mvuvi ilimaliza miezi hiyo haina kitu, na Septemba mlango wa shule ukafunguka. Ungekuwa mradi wa maana, daftari na sare zingefika wiki hizo. Katika mradi wako zitafika Januari, pamoja na mkaguzi wa hesabu.

Kuna kitu kinachoitwa kituo cha kurudisha watoto shuleni, CRS, ambako aliyepoteza masomo kwa vita husoma miaka sita ya msingi kwa mitatu, kisha akafanya mtihani wa mwisho pamoja na wenzake. Ni mpango mzuri, kwa hiyo uingie kwa uangalifu. Dawa yake ni hesabu nyepesi: masomo ni ya miaka mitatu, mradi wako umebakiwa na miezi tisa. Mfikishe mtoto karibu na mwisho wa ngazi ya kwanza, kisha fanya sherehe ya kukabidhi. Waalike wakubwa wa mkoa, wape tisheti.

Matokeo yapime kwa orodha ya mahudhurio. Watu 412 walihudhuria, asilimia 51 wanawake, wote walisaini na kupokea posho. Usithubutu kumpa mtoto ukurasa mmoja asome mbele ya mfadhili.

Mwisho, kaa mbali na akina mama wa AVEC, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana. Mfumo wao ulianzia Niger mwaka 1991, mikononi mwa CARE, lakini sasa unatembea kwa miguu yao wenyewe: sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, akiba ya kila wiki, mgawo mwisho wa mzunguko. Kikundi kikijipangia mgawo uangukie mwisho wa Agosti, sare na daftari zinanunuliwa bila wewe. Ukiwakuta wamekaa chini ya mwembe wakihesabu, utashawishika kuwasaidia. Waombe tu wausogeze mgawo hadi Desemba, ulingane na ripoti yako ya mwaka. Watakusikiliza kwa adabu, watakukaribisha ndakala na bugali, na Agosti watagawana kama walivyopanga.