Ada ya Korongo

Katika Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kuna kilima kinachotazama Mto Kagera na Rwanda ng'ambo yake. Hapo waliishi wanyama waliolima kahawa kama wanavyolima watu wa huko: mibuni chini ya migomba, maharage katikati, nyumba ndani ya shamba lenyewe. Mavuno yalianza Mei au Juni. Shida ilianza Januari, watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na kufikia Machi hakukuwa na nyumba yenye senti. Miezi hiyo Fisi alipita mlango kwa mlango na kibeti chake. Aliitazama mibuni ikiwa na maua au punje changa, akakadiria magunia itakayozaa, akatoa fedha za robo ya magunia hayo, akaandika jina daftarini. Kahawa ikiiva ilikuwa yake. Watu wa Karagwe na Kyerwa huita biashara hii butura, na Fisi huyu wamemwona kwa macho.

Kilimani hapo alikuwapo pia Korongo, mwenye taji la manyoya kichwani na makinda mawili kwenye kiota. Kila wiki aliruka hadi Murongo mpakani, akapita Nkwenda, akafika Omurushaka na Kayanga, akisikiliza wanunuzi wanataja bei gani kwa kilo ya kahawa ya maganda. Alipotua jioni alikuta ua umejaa waulizaji. Aliwajibu wote, mmoja mmoja, na makinda yakalala na njaa.

"Shangazi," Pongo akamwambia, "unatufanyia kazi nasi tunakuacha mikono mitupu. Toza ada."

Korongo aliona haya kwanza. Kisha akapanga kibaba kimoja cha kahawa kavu kwa mwezi, akapanda uzio wa minyaa kuzunguka ua wake, na aliyelipa akaingia. Ishirini walilipa mwezi wa kwanza. Korongo akasimama katikati yao akatangaza bei za Murongo na za Kayanga, na makinda yakala.

Lakini juu ya uzio palikuwa na mvule, na juu ya mvule palikuwa na Ngedere. Alisikia kila neno. Kabla ya jogoo la kwanza bei zilikuwa zimeshafika kwa waliolipa na kwa wasiolipa, na Ngedere amelishwa ndizi mbivu kila nyumba aliyopita. Mwezi wa pili waliolipa wakawa kumi na wanne. Korongo akaurefusha uzio. Ngedere akapanda tawi la juu zaidi. Korongo akaanza kunong'ona. Wanachama wenyewe wakashindwa kusikia. Mwezi wa tatu wakabaki tisa, na kati ya hao wawili walikuwa wakimsimulia Ngedere kwa hiari yao, kwa kuwa ni shemeji yao.

Hapo ndipo alipofika Sungura kutoka upande wa Kayanga, amevaa kizibao. Alifungua baraza lake ng'ambo ya bonde, akatangaza kwamba babu yake mzaa babu alikuwa Bweranyange mwaka 1861, siku Rumanyika, Mukama wa Karagwe, alipompokea msafiri Speke, na kwamba ukoo wao haujawahi kukosa siri za wakubwa. Kiingilio kilikuwa gunia zima. Mwanachama akileta wenzake wawili, nusu gunia linamrudia. Mlangoni palikuwa na kibuyu, na kila aliyeingia alitumbukiza jiwe. Jioni Sungura alikitikisa kibuyu ili kilima chote kisikie jinsi kilivyojaa.

Waliingia wengi. Ndani walisikia bei zilezile za Korongo, zikiwa zimechelewa siku moja, maana Sungura alikuwa amemwajiri Ngedere. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu hakuna aliyekwenda pale kutafuta bei; kila mmoja alikwenda kutafuta wawili wake. Walipokwisha wa kuletwa, nusu magunia yakaacha kurudi, na asubuhi moja Sungura alikuwa amevuka Murongo na magunia yote. Watanzania wengi wameshasimama mbele ya mlango wa namna hii. Mwaka 2009 mpango wa DECI ulisimamishwa baada ya maelfu ya watu kupanda fedha zao huko kama mbegu, wakisubiri mavuno yaliyotegemea wapandaji wapya. Nawahurumia, na sitawacheka, kwa sababu wengi wao walikuwa wakitafuta karo ileile ya Januari.

Kilichombadilisha Korongo hakikuwa Sungura. Kilikuwa kilio cha Nungunungu.

Jioni moja ya Mei Korongo alirudi na bei ambayo hajawahi kuitangaza. Robusta ya Kagera hufuata soko la London, na soko likipanda huko, mnunuzi wa Nkwenda naye hupandisha mkono. Mwaka 2024, kwa mfano, tani ya robusta ilipita dola 5,000 London, na habari zikafika hadi vijijini. Bei ya Korongo ilikuwa ya namna hiyo. Wanachama wakapiga vigelegele. Nungunungu akainamisha kichwa, akalia kwa sauti.

"Mama, mbona unalia siku ya neema?" Pongo akamwuliza.

"Neema ya nani, mwanangu? Mimi ada yangu nimelipa kila mwezi. Kila bei ninayoisikia ni bei ya kahawa ya Fisi. Niliuza maua Februari."

Wakaulizana. Kati ya wale tisa, sita walikuwa wameuza maua. Korongo hakulala. Alikuwa amewatoza ada kwa maneno ambayo hawakuwa na mahali pa kuyatumia, na alikuwa amechosha mbawa zake akilinda kwa uzio kitu kinachopita hewani. Alfajiri alikwenda kwa Kobe, aliyeaminiwa kwa hesabu kwa sababu hakuwahi kukimbilia jambo lolote, wakakaa chini ya mgomba hadi jua lilipokuchwa.

Siku ya pili Korongo aliung'oa uzio. Akapanda juu ya jiwe kubwa kileleni akatangaza bei kwa sauti yake yote, na Korongo akipaza sauti husikika mbali. Waliolipa walisikia, wasiolipa walisikia, na Ngedere akashuka mtini kwa kuwa hakuwa tena na cha kuuza. Kisha Korongo akasema kwamba bei zitatangazwa hapo bure kila wiki, na kwamba anayetaka zaidi ya kusikia amfuate Kobe.

Waliomfuata walikuwa kumi na mmoja. Kobe aliwauliza kila mmoja swali lilelile: "Una mibuni mingapi, na mingapi imeshauzwa ikiwa maua?" Akaandika. Kisha akaeleza. Hakutakuwa na ada ya kila mwezi, kwa sababu fedha ya kahawa haiji kila mwezi; ada italipwa mara moja, mavuno yakishauzwa, siku mkono una kitu. Kiingilio kidogo hakirudi. Hisa ni za mwanachama, akiondoka anaondoka nazo. Kutoka kwenye ada na hisa hizo utatengwa mfuko, na mwanachama aliyebanwa msimu wa njaa atakopa humo badala ya kumfungulia Fisi mlango. Kahawa itaanikwa juu ya chanja, haitagusa udongo. Itapimwa mahali pamoja, mbele ya wote, na itauzwa kwa pamoja.

"Na Shangazi Korongo atakula nini?" Pongo akauliza.

"Sehemu ya ada," Kobe akajibu, "na kiasi chake kitaandikwa ukutani pamoja na cha kila mmoja."

Msimu wa kwanza ulitaka kuwashinda, na sababu ilikuwa Ngiri. Alikuwa na mibuni mingi kuliko wote na haraka kuliko wote. Alianika kahawa yake chini uwanjani, ikapigwa na mvua usiku, akaileta kwenye mizani ingali na unyevu na chembe za mchanga. Kobe alichukua punje akaiuma. Ikakubali meno. Akasema haipiti.

"Kilo ni kilo," Ngiri akanguruma. "Mimi nimelipa kiingilio kama wengine. Nimenunua haki yangu ya kupimiwa."

"Umenunua haki ya kupimiwa kahawa kavu," Kobe akasema.

Palikuwa na kelele. Wengine walitaka ipokelewe ichanganywe, nani atajua. Gunia moja baya kati ya mazuri kumi. Wengine walitaka Ngiri afukuzwe. Korongo, aliyekuwa amezungumza na mnunuzi Nkwenda siku iliyotangulia, akawaambia mnunuzi yule hupasua gunia lolote atakalo, na akikuta maji ndani ya moja hushusha bei ya yote. Kwa hiyo kahawa ya Ngiri ilikuwa mezani kwa kila mmoja wao, apende asipende. Waliamua kumpa chanja tatu zilizokuwa wazi na vijana wawili wa kumsaidia kuigeuza jua likiwaka na kuifunika wingu likikaribia. Mauzo ya pamoja yakaahirishwa wiki mbili kwa ajili yake. Walikubali kwa manung'uniko, na Nungunungu alinung'unika kuliko wote. Lakini katika mambo yote waliyoyafanya, mimi naona wiki zile mbili ndizo zilizowafanya kuwa chama. Kabla ya hapo walikuwa wateja wa Korongo waliokaa karibu karibu. Ngiri alipowaletea magunia yaliyokauka, aliyamimina mwenyewe juu ya mkeka, moja baada ya jingine, bila kuambiwa, ili kila aliyemsubiri aone.

Wakauza. Bei ilikuwa nzuri, haikuwa ya miujiza. Wakalipa ada, mfuko ukapata cha kuanzia.

Msimu wa pili walirudi tisa. Sungura angetikisa kibuyu na kutafuta wapya wa kujaza pengo. Korongo aliruka hadi nyumbani kwa wale wawili walioondoka, akakaa kibarazani, akauliza kwa upole wamekosewa nini. Kanga alisema hana ugomvi na mtu, amehamia kwa mumewe huko Kaisho. Nguchiro alisita, kisha akasema ukweli: mkopo ulitoka Machi, mtoto wake alirudishwa nyumbani Januari, na kati ya Januari na Machi Fisi alipita mara tatu. Mara ya tatu alimfungulia.

Korongo alirudi na maneno hayo kwa Kobe, na mfuko ukasogezwa hadi wiki ya kwanza ya Januari. Nguchiro akarejea. Tena alirejea na dada zake, na dada zake na majirani, bila kuahidiwa nusu gunia na yeyote. Msimu wa tatu walikuwa arobaini na wanne. Walipofika arobaini, Kobe alikataa kuhifadhi daftari nyumbani kwake. Lilining'inizwa kwenye kamba hadharani, yeyote afunue, na asiyejua kusoma asomewe na mtoto. Wazee wa Kagera watamwelewa Kobe. Wanakumbuka mwaka 1976, serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima, na wakulima waliokuwa wamekatwa fedha kwa kila kilo wakabaki wakiuliza mali yao iko wapi. KDCU, chama kikuu cha Karagwe, kilianzishwa mwaka 1990 kati ya watu wenye kumbukumbu hiyo. Mwanachama asiyeweza kufunua daftari ni mlipa kodi tu.

Februari ya msimu huo Fisi alikuja mwenyewe. Alisimama mbali kidogo na mizani, akavua kofia.

"Waitu, Korongo. Nimekuja kujiunga." Akaweka chini kibeti kilichovimba. "Kiingilio, hisa, na ada ya miaka mitano."

Baraza likanyamaza. Ngiri akasema fedha ni fedha, na mfuko wa Januari ulikuwa umepungua sana. Pongo akasema afukuzwe kwa mawe. Kobe akafungua ukurasa mpya.

"Una mibuni mingapi, Bwana Fisi, na mingapi imeshauzwa ikiwa maua?"

"Sina mbuni hata mmoja," Fisi akasema. "Nina maua ya kaya ishirini na sita." Akatoa daftari lake kwapani.

"Basi huwezi kuwa mwanachama," Korongo akasema. "Lakini kaa. Mbona unataka kutoka katika biashara yako?"

Fisi akajikuna. Akasema siku hizi wale ishirini na sita wanasikia bei bure pale juu ya jiwe kila wiki. Wanajua hasa anachowanyang'anya. Wameanza kuchuma usiku kahawa aliyokwisha kuinunua na kuivusha mto kwa magendo, na mwaka jana alipata nusu ya alichoandika.

"Tuuzie daftari," Korongo akamwambia. "Tutakurudishia ulichotoa kwa kila jina, na sehemu moja ya kumi juu yake. Zaidi ya hapo hupati, na ukikataa utawavizia usiku peke yako."

Walibishana hadi jioni. Fisi alitaka robo, kisha sehemu ya tano, mwisho akaweka kofia kichwani na kukubali sehemu ya kumi. Kobe alihesabu kilichobaki mfukoni, akahesabu tena mbele yao, akasema kinatosha kukomboa majina tisa mwaka huu. Kumi na saba watasubiri mavuno. Ngiri, bila kutazama mtu, akasema hisa zake zikatwe, yawe kumi na moja.

Wakaanza kusoma kutoka juu. Jina la kwanza lilikuwa la mjane Swala wa bondeni, ambaye hakuwa mwanachama wala hakuwahi kuingia uani kwa Korongo. Kijana akatumwa kumwita. Alipofika akiwa na matope miguuni, Kobe alilikata jina lake kwenye daftari la Fisi kwa mstari mmoja, akaliandika kwenye la chama pamoja na deni alilobakiwa nalo, akamwambia kiingilio na ada atalipa Juni, akishauza.