Huyu Siye Yule

Kitabu kipya cha mfululizo wa kusisimua kikitoka, wasomaji hugawanyika hata kabla hawajafika katikati. Kundi la kwanza hulalamika kwamba mwandishi amejirudia: mpelelezi ni yuleyule, adui ni yuleyule aliyebadilishwa jina na kuhamishiwa kovu shavu la pili, na mlango ni uleule ambao kila mtu isipokuwa shujaa anajua kuna mtu nyuma yake. Kundi la pili hulalamika kwamba amebadilika mno: shujaa kaanza kutafakari, kaoa, anasimulia utoto wake, na hadi ukurasa wa 100 hajafa hata mbwa. Kinachochekesha ni kwamba makundi yote mawili yamekisoma chote, mpaka jina la mpiga chapa. Wali umeungua jikoni. Daladala limepita kituo, na konda amefokewa kwa nini hakutangaza, ilhali alitangaza mara tatu. Mtoto ametumwa dukani mara mbili kununua chumvi ileile. Na baada ya hasara yote hiyo hukumu inatolewa kwa uso mkavu: kitabu hakivutii. Mtu ambaye kitabu hakikumvuta haunguzi wali.

Sisemi kwamba wasomaji hawa ni waongo. Nasema lawama zao hazina uzito mmoja, na mkorogo wote unatokana na kuzipima kwa mizani moja. Msomaji wa mfululizo ni mkaguzi hodari na mshauri mbovu. Akikuambia kwamba bastola siyo, jeraha limehama, au Jumanne imefuatiwa na Ijumaa, msikilize, maana huenda amekisoma kitabu chako mara nyingi kuliko ulivyokisoma mwenyewe. Akianza kukueleza nani asingekufa, nani angeolewa na kisa kingeishia wapi, mpe kiti na chai, kisha uendelee na kazi yako.

Ushahidi maarufu kuliko wote unatoka Uingereza. Desemba 1893, Arthur Conan Doyle, ambaye alikuwa amemchoka mpelelezi wake na kuziona riwaya zake za kihistoria kuwa ndizo kazi za maana, alimpeleka Sherlock Holmes kwenye maporomoko ya Reichenbach huko Uswisi na kumwacha aanguke huko yeye na adui yake, Profesa Moriarty. Inasimuliwa kwamba jarida la The Strand Magazine, lililokuwa likichapisha hadithi hizo, lilikimbiwa na wasomaji wapatao 20,000. Inasimuliwa pia kwamba vijana wa London walitembea wamefunga vitambaa vyeusi vya msiba. Ushahidi wa vitambaa hivyo ni hafifu sana, lakini habari yenyewe haifi, nadhani kwa sababu kila shabiki anayeisikia anajua kwamba yeye angekifunga. Lililo la hakika ni barua. Conan Doyle mwenyewe alieleza baadaye kwamba bibi mmoja alimwandikia barua ya malalamiko iliyoanza, badala ya salamu, kwa kumwita hayawani.

Basi mwandishi akashindwa, au pesa za wachapishaji zikamshinda. Yote mawili yana ukweli. Mwaka 1901 alianza kutoa hadithi ya mbwa wa Baskerville, akiiweka katika siku za kabla ya kifo, ujanja ambao uliwapa watu mpelelezi bila kuwapa ufufuo. Mwaka 1903 akamfufua kabisa. Kumbe Holmes hakuanguka. Alijua mieleka ya Kijapani, akamponyoka Moriarty, akapanda mwamba, akaenda zake mpaka Tibet, na kumwacha rafiki yake Watson akimlilia kwa miaka mitatu bila hata barua. Ni maelezo ambayo mke asingeyakubali kwa mume aliyechelewa usiku mmoja, lakini wasomaji waliyapokea kwa mikono miwili. Ushauri wao ulikuwa umefuatwa kikamilifu. Kwa hiyo wakaridhika?

Hawakuridhika. Conan Doyle alipenda kusimulia habari za mwendesha mashua mmoja wa Cornwall aliyemwambia kwamba Holmes pengine hakufa alipoanguka kwenye lile genge, lakini tangu siku ile hakuwa tena mtu yule. Kwa maoni yangu hakuna mhakiki wa chuo kikuu aliyewahi kuieleza saikolojia ya mashabiki kwa ufupi kuliko mwendesha mashua huyo, na hakulipwa hata senti. Watu walidai mtu wao arudishwe. Aliporudi wakamkagua kichwa hadi kidole na kusema huyu siye. Walichokuwa wakikitaka hakikuwa Holmes. Walitaka kurudi kuwa wale waliomsoma kwa mara ya kwanza, ambao hawakujua kwamba anaweza kutambua kazi ya mtu kwa kumtazama viganja, wakashtuka. Mshtuko huo hutokea mara moja. Mwandishi anaweza kumtoa mtu kwenye maporomoko ya maji; kumtoa msomaji kwenye mambo anayoyajua tayari hawezi.

Sasa wachukue watu haohao upande wa ukaguzi, uone walivyo wakali. Katika kitabu cha kwanza cha Holmes, cha 1887, Daktari Watson alipigwa risasi ya bega huko Afghanistan. Katika cha pili, cha 1890, risasi imemwingia mguuni. Mwaka 1891 mke wake anamwita James, ilhali anaitwa John, na hata tukiziheshimu vipi ndoa za Waingereza wa wakati ule, hakuna heshima inayomfanya mke asahau jina la mume. Wasomaji waliyaona yote. Wameandika kurasa kwa kurasa kuhusu risasi hiyo moja kwa zaidi ya miaka 100, na wapo wanaohoji kama Watson alikuwa ameinama. Mwandishi hakujali, aliandika haraka na hakurudi nyuma kuhakikisha. Katika kesi hii haki ilikuwa upande wa wasomaji, wala hakuna haja ya kuipamba.

Mtu ataniambia kwamba Holmes ni mfano wa upande mmoja, kwamba pale mwandishi alilazimishwa kurudia na marudio yakachusha, kwa hiyo dawa ni kubadilika. Ian Fleming alijaribu dawa hiyo. Mwaka 1962, akiwa amekwisha kutoa vitabu kadhaa vya James Bond vyenye mwendo mmoja unaoeleweka, alitoa The Spy Who Loved Me, kinachosimuliwa na mwanamke kijana aitwaye Vivienne Michel. Anasimulia maisha yake, wanaume waliomtenda, na hoteli ya njiani ambamo majambazi wamemzingira. Bond mwenyewe anaingia pale kitabu kinapokaribia theluthi ya mwisho, kwa kupatwa na pancha. Mtu alinunua kitabu cha jasusi, na jasusi amechelewa kwa sababu ya tairi! Wahakiki walikichana. Fleming alifadhaika kiasi cha kutotaka kitolewe tena nchini mwake katika toleo la bei nafuu, na alipouza haki za filamu aliruhusu jina tu, kisa kikaachwa. Kwa hiyo anayejirudia analaumiwa, na anayebadilika anazomewa. Mimi nadhani kitabu hicho kina ujasiri kuliko vingi vya Bond, lakini nakubali kwamba pancha ile haiteteeki.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina kituko chake, nacho ndicho kinachoithibitisha hoja yangu kuliko Reichenbach. Tuna mifululizo yetu: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wengi wamevisoma vitabu hivi kwa mpangilio wa bahati, si wa mwandishi. Kimoja kimepatikana kwa muuza vitabu vya mitumba, kingine kimeazimwa kwa binamu, cha tatu kimerudi kutoka kwa jirani kikiwa hakina kurasa nne za mwisho, ambazo jirani anaapa kwamba hakuzikuta. Aliyemjua Willy Gamba kupitia Hofu, cha 1988, akija kukutana na yule wa 1974 huona kwamba huyu ndiye anayemwiga yule. Aliyeanza na cha 1974 huona kinyume chake. Wote wawili watakuambia kwa kiapo kwamba Gamba wa kweli ni wa kitabu chao. Hapo ndipo unapogundua kwamba “yule” wa mashabiki hakai katika kitabu chochote maalumu. Ni yule uliyekutana naye kwanza. Na mwenye nakala isiyo na kurasa za mwisho ana “yule” ambaye hata Musiba hakumwandika.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mlipaji. Nimetoa pesa yangu, anasema, kwa nini nisiseme kisa kiende wapi? Mteja wa mama ntilie naye ametoa pesa. Anayo haki ya kusema maharage yamezidi chumvi, na mama akiwa na akili atapunguza kesho. Haki ya kuingia nyuma ya pazia na kushika mwiko hakuinunua. Pingamizi jingine, kwamba baadhi ya vitabu vipya ni vibovu kwelikweli na waandishi huchoka, silipingi hata kidogo. Agatha Christie alimchoka wazi mpelelezi wake Hercule Poirot, na aliwahi kukiri kosa la kumwanzisha akiwa mzee. Katika kitabu cha kwanza, cha 1920, Poirot ni polisi mstaafu; anakufa katika kitabu cha 1975. Piga hesabu, na wasomaji waliipiga: alikuwa akikamata wauaji katika umri ambao watu wengi huhitaji kushikwa mkono kuvuka barabara. Lakini uchovu wa mwandishi huonekana kwanza kwenye vitu vidogo kama hivyo, miaka isiyojumlika na jeraha linalotembea, yaani palepale ambapo jicho la mkaguzi ni kali. Mwenye kutaka kuthibitisha kwamba kitabu kimeandikwa kwa uvivu aoneshe risasi. “Sikukisikia moyoni” si ushahidi. Huenda siku hiyo alikuwa na njaa, wali wake ukiwa umeungua.

Tazama mkaguzi aliyesikilizwa: mwaka 1956 Fleming alipata barua kutoka kwa mpenzi wa silaha wa Glasgow, Geoffrey Boothroyd. Hakulalamikia wanawake wa Bond, wala maadui, wala mwisho wa kitabu chochote. Alilalamikia bastola. Beretta ndogo anayobeba Bond, alieleza, ni silaha ya mwanamke, na tena si mwanamke wa maana. Fleming hakununa. Katika Dr No, cha 1958, Bond ananyang'anywa Beretta mbele ya bosi wake na kupewa Walther PPK, bastola ambayo baadaye ilitundikwa kwenye mabango ya filamu dunia nzima. Na anayeikataa Beretta hiyo ni mtaalamu wa silaha aliyepewa jina la Meja Boothroyd. Msomaji alilalamika akaingizwa kitabuni kwa cheo. Ila Fleming, katika furaha ya kusahihisha, aliitia Walther hiyo katika mkoba wa Berns-Martin, ambao Boothroyd alikuwa ameupendekeza kwa ajili ya rivolva na ambao kwa bastola ya namna ya PPK haufai. Wajuzi wa silaha wakaona, wakaanza upya.