Nauli Juu ya Kiingilio

Wapendwa wa Mbagala,

Jueni kwamba Waingereza wamegundua namna ya kulipa nauli mara mbili bila kugombana na konda. Kijijini Crich, Derbyshire, kuna makumbusho ya tramu ndani ya machimbo ya zamani ya chokaa. Mgeni hulipa kiingilio kwa pesa ya leo, kisha hupewa peni ya kizamani, sarafu iliyoacha kutumika mwaka 1971, akamlipe konda. Konda naye huipokea bila kutabasamu na kukata tiketi, maana bila tiketi hiyo ulimwengu ungeanguka. Safari ni kama maili moja tu. Mwisho wa reli tramu haigeuki: konda hushuka kuizungusha nguzo ndefu inayochukua umeme kwenye waya wa juu, viti hupinduliwa migongo, dereva huhamia upande wa pili, na nyuma inakuwa mbele. Ajabu zaidi, wengi wa wafanyakazi hao wanajitolea. Konda asiye na hesabu ya kumpelekea tajiri! Mwelezeni konda yeyote wa Rangi Tatu, atadhani ughaibuni umenipanda kichwani.

Nami nadai kwamba watu hawaji kuangalia chuma. Wanamfuata konda, kengele na ustaarabu wa kubanana na wasiowajua, vitu walivyovitupa wenyewe. Mwaka 1931 tume ya kifalme ilishauri tramu ziondolewe polepole. London ilimaliza zake 1952, Sheffield 1960, Glasgow 1962. Wachache wenye wazimu wa reli walikuwa wameshaunda chama 1955, na 1959 wakapata machimbo hayo. Kisha Manchester ikarudisha tramu mpya 1992, na Sheffield ikafuata 1994. Yaani walitupa, wakahifadhi, wakanunua upya. Gharama tatu kwa wazo moja.

Mtasema tramu ilikuwa na heshima, daladala ni adha tupu. Lakini hata tramu iliitwa kelele na kizuizi cha barabara ilipokuwa hai. Heshima ilikuja baada ya mazishi. Hapa konda hugonga kengele mara mbili gari liondoke, wetu hupiga bodi kwa kiganja, na kiganja, wallahi, kina ufasaha zaidi. Mtasema pia hatuna fedha za makumbusho ya daladala. Crich nayo ilianza na shimo la mawe na watu wasiolipwa, na mashimo ya mawe tunayo mengi.

Nasi tumeshaanza kutupa: mabasi ya mwendokasi yalipoanza 2016, daladala ziliondolewa Barabara ya Morogoro, na kumbakumba, yale mabasi marefu ya shirika la usafiri la UDA, yalishapotea zamani. Kwa hiyo nawaomba: kama kuna daladala ya kizamani aina ya Chai Maharage imelala nyuma ya gereji na mabenchi yake bado yanatazamana, mwambieni mwenyewe asiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Na konda wake akiwa hai, mtafuteni kwanza yeye.