Namna ya Kutoka Salama kwenye Sinia la Idi

Siku ya Idi, mtu wa kuogopwa ni shangazi aliyeshika mwiko. Anakutazama usoni sahani yako ingali nusu, kisha anauliza kwa sauti ya huzuni, "Mbona huli mwanangu? Kwani haina chumvi?" Ukimjibu kwa habari za kolesteroli atajua umemkataa yeye, pilau ni kisingizio tu. Kwa hiyo anayetaka kula kwa afya siku hiyo ajifunze adabu kwanza, lishe ifuate. Unguja, Tanga, Mombasa, kote pwani, Idi hailiwi kwa njaa. Inaliwa kwa heshima, nyumba baada ya nyumba, kuanzia kwa bibi hadi kwa jirani aliyehamia juzi.

Kazi inaanza usiku mwezi ukishaandama. Hesabu nyumba utakazozipitia, na uchague moja tu ya kula hasa. Kwa kawaida ni ile ya mkubwa wa ukoo, maana huko hakuna anayechomoka. Kwingine kote nenda ukiwa mtu wa kuonja. Asubuhi, kabla ya kwenda kuswali, kula tende, nazo ziwe witiri, kama ilivyo sunna ya Idi el Fitri. Tende tatu na bilauri ya maji zitakufaa hata kwa mpango huu: hutarudi kutoka msikitini na njaa ya kuyavamia mahamri sita kwa mkupuo.

Sasa sinia limewekwa. Kaa karibu na mzee mwenye hadithi ndefu, yule anayeanza na habari za jahazi na kumalizia na nasaba ya babu yako. Tumbo huchukua kama dakika 20 kuupelekea ubongo habari kwamba limeshiba, na hakuna anayejaza dakika hizo vizuri kama mzee huyo. Anza na kachumbari. Usiichukulie kama pambo la pembeni. Itie kwa wingi, ndimu nyingi na chumvi kidogo. Fuatisha nyama au kuku, wali uje mwisho. Watafiti waliopima damu za watu baada ya kula waliona kwamba ukitanguliza mboga na nyama kabla ya wanga, sukari mwilini hupanda polepole zaidi. Kwenye biriani, usichote masala yanayoelea mafuta juu. Zamisha mkono chini kidogo, na ladha yote utaikuta huko huko.

Halafu kuna silaha kubwa kuliko zote, na tumeirithi bila kulipia: kunawa. Ukishasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya kusikika, ukainuka na kunawa kwa sabuni, umekwisha kula. Mkono uliokwisha kunawa haurudishwi siniani kwa urahisi, na hata shangazi analiheshimu hilo. Nawa mapema, kabla mwiko haujazunguka mara ya pili. Akibaki na kinyongo, mwambie, "Shangazi, pilau yako sitaki iishe leo. Nifungie kidogo nikale kesho." Uso utamkunjuka papo hapo, kwa sababu alichokuwa anadai ni kujua kwamba umependa alichokipika tangu alfajiri.

Vinywaji ndivyo vinavyotuangusha kimyakimya. Soda ya kola ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Nyumba mbili tu, soda moja kila nyumba, umeshavuka, na hujagusa kaimati zilizolowa shira. Juisi ya ukwaju ya nyumbani nayo huwa imetiwa sukari kwa mkono usio na hesabu. Omba maji mapema, kabla hujaulizwa unakunywa nini. Ukishakabidhiwa soda, ibakize nusu, kwani bilauri tupu ni mwaliko wa kujazwa tena. Kwa vitamu, teua kimoja unachokipenda kwa dhati na ukile kwa raha zako: kipande cha halua kwa kahawa chungu kinatosha kuipa Idi utamu wake.

Mwenye kisukari au presha hili si jambo la kumchekesha. Wengi hubadilishiwa saa za dawa na daktari mwezi wa Ramadhani. Asubuhi ya Idi ratiba inageuka ghafla, chakula kinarudi mchana, na ni rahisi dawa kusahaulika kabatini. Ulizeni kliniki kabla mfungo haujaisha jinsi ya kurudi kwenye dozi za kawaida. Na ukiwa na mzazi wa namna hiyo, mtembelee ukiwa na papai au tikiti badala ya boksi la keki.

Wenye nyumba nao wana sehemu yao, kubwa kuliko ya wageni. Mgeni akisema ameshiba, mwamini mara ya kwanza. Weka jagi la maji mezani pamoja na soda, sufuria ya mchicha kando ya pilau, na kaanga kaimati ndogondogo. Hayo hayapunguzi ukarimu hata chembe. Tumezoea kupima mapenzi kwa kilima cha wali, na wapo jamaa tunaowapenda sana ambao kilima hicho kinawaumiza huku tukiwasihi waongeze.

Kati ya nyumba na nyumba, nenda kwa miguu. Watoto wanadai mkono wa Idi na wanataka kupelekwa viwanjani; washike mkono uende nao, maana kutembea hata robo saa baada ya kula husaidia kushusha sukari. Pilau uliyofungiwa iwahishe nyumbani, itandaze kwenye sahani pana ipoe upesi na uitie frijini, isikae jikoni zaidi ya saa mbili, kwa sababu wali uliopikwa huotesha bakteria haraka kwenye joto letu. Kesho yake, sikukuu ya pili, ipashe mpaka itoe mvuke, na uikatie kachumbari mpya.