Panya wa Huku Ana Serikali Yake

London, Novemba 2025

Mama, Ami na nyote wa hapo Wete,

Mie mzima, baridi imeshaanza kung'ata, na habari nyengine tutazungumza kwenye simu. Barua hii ni ya jambo moja tu: juzi nimenusurika kuwa mhalifu kwa sababu ya panya.

Nilikwenda duka la vifaa kutafuta gundi ya panya, ile wanayotembeza vijana sokoni. Unaipaka kwenye kipande cha boksi usiku, asubuhi panya keshaganda, hadithi imekwisha. Muuzaji akashusha miwani, akaniuliza nimeingia lini nchi hii. Kumbe tangu tarehe 31 Julai 2024, hapa England kutega gundi ya panya ni kosa la jinai. Unaweza kupigwa faini au kwenda jela. Wanaoweza kuruhusiwa ni mafundi wa kazi hiyo peke yao, nao sharti wawe na leseni ya serikali, na leseni haitoki mpaka ionekane kwamba njia nyengine hazifai.

Kilichonimaliza ni kifungu chengine cha sheria hiyo. Ukiikuta gundi aliyoitega mtu mwengine, ukapita zako bila ya kuiondosha na huna sababu ya maana, na wewe pia una kosa. Ami, miaka yote ukituambia mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo, tukadhani unatupa methali. Wenzetu wameipitisha bungeni.

Mie nimekulia Pemba, kisiwa ambacho serikali yake inalinda karafuu. Ukivusha gunia usiku kwenda Shimoni, Kenya, badala ya kulipeleka ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, unajua ulitendalo. Huku anayelindwa ni panya mwenyewe. Tena heshima anayo: mwaka 2020 jumuiya yao ya kutibu wanyama, PDSA, ilimpa nishani ya dhahabu Magawa, panya buku wetu aliyefunzwa na APOPO kule Morogoro kisha akapelekwa Cambodia kunusa mabomu ya ardhini. Panya wa Tanzania kapewa dhahabu na Waingereza, mie na shahada yangu bado nasukuma mikokoteni ya supamaketi.

Mtauliza panya wametoka wapi. Kwetu panya hana msimu, yumo darini kusi na kaskazi. Wa huku joto likiwepo hujikalia bustanini, ikifika Oktoba anahamia ndani bila ya hodi. Na nyumba za mtaa huu zimeungana ukuta kwa ukuta tangu enzi za Malkia Victoria, kwa hiyo anaingia nyumba ya mwanzo na kutokea ya mwisho bila ya kurowa mvua. Tundu la unene wa penseli linamtosha. Dawa yake, wanasema, ni kuyaziba matundu kwa stili waya, ile ya kusugulia masufuria, maana hawezi kuitafuna. Basi Jumamosi nzima nimelala kifudifudi nyuma ya jiko, tochi mdomoni, nashindilia stili waya pembeni ya bomba la gesi. Mama, masufuria yangu yana masizi, lakini matundu yanang'aa.

Nilipochoka nikanunua mashine. Ni kidude cheupe, kidogo kuliko kiganja, unakichomeka kwenye umeme kinawaka taa ya buluu. Kazi yake ni kupiga mlio mkali mno ambao binadamu hausikii ila panya anausikia na kukimbia. Yaani nimetoa pesa yangu kununua kelele nisiyoisikia. Nikakaa mbele yake kuhakikisha. Kimya. Nikatega sikio. Kimya. Nikasoma kijitabu chake: siku za mwanzo ukiona panya wamezidi usihofu, hiyo ndiyo dalili kwamba wanafurushwa mafichoni. Kwa hiyo wakipungua, mashine inafanya kazi. Wakizidi, inafanya kazi sana. Kijitabu kinaendelea kwamba mlio haupenyi ukuta, hivyo inafaa ununue kimoja kwa kila chumba. Usiku nikashuka kunywa maji nikamkuta bwana panya chini ya ile taa ya buluu, anajisafisha sharubu kwa utulivu kama bwana harusi mbele ya kioo. Mie ndiye niliyekimbia. Yule mtoto wenu aliyekuwa akishika kaa kwa mkono mikokoni alipanda juu ya kiti.

Nikapiga ukelele: "Panya!" Kwetu neno hilo lingetosha. Mama angetokea na ufagio, Ami na ndara moja mkononi na nyengine mguuni, watoto wangesimama milangoni, na jirani angeuliza kutoka uani kwake, "Kapita wapi?" Watu kumi, zogo tupu, panya akaponyoka vilevile, na tukacheka mpaka chai ikapoa. Huku jirani alijibu pia. Aligonga ukuta, ninyamaze.

Nikasema basi nifuge paka. Mkataba wa nyumba unakataza wanyama. Panya anakaa bila ya mkataba, paka hana ruhusa. Na waziri mkuu wao anaye! Anaitwa Larry, yupo pale Downing Street tangu 2011 na cheo cha mkuu wa kukamata panya, amewaaga mawaziri wakuu tangu Cameron, na Starmer kamkuta pale pale. Tovuti ya serikali imeandika kwamba suala la panya bado analipangia mbinu. Paka shume wa gati ya Mkoani angelimaliza siku ile ile na asidai cheo.

Ikabaki mitego ya mbao yenye springi, hiyo halali. Muuzaji akanishauri nitie siagi ya karanga. Panya hakuigusa, na sababu niliijua nilipofungua kabati. Mnaikumbuka halua mliyonitumia, ya kwenye kikapu cha ukili? Nilikuwa nayo bado. Kila usiku baada ya Isha nilikata kipande kama ukucha, nikanywea kahawa, nikaificha tena nyuma ya mchele wageni wasiione. Basi yeye kautafuna ukili, kaingia, kachimba handaki, kala na lozi zote nilizoziwekea sikukuu. Nikakaa chini sakafuni nikaitazama. Katika mtaa huu mzima sasa tuko wawili tunaojua ladha ya halua ya Wete, na mwenzangu ana mkia.

Jana mfanyakazi mwenzangu kaniletea chupa ya mafuta ya karafuu, ndogo kuliko ya wanja. Anasema unadondoshea kwenye pamba, unaweka penye tundu, panya hastahamili harufu. Nilicheka mpaka akakasirika. Ningemwelezaje kwamba panya wa ghala la Ami wamezaliwa juu ya magunia ya karafuu, wakasomea hapo, wakaolea hapo? Lakini pamba nimeziweka, tena vyumba vyote. Panya bado yupo. Ila nyumba inanukia msimu wa mavuno kwetu, majamvi ya karafuu yameanikwa barabarani mpaka gari zinakwepa, na mie nalala vizuri.

Kwa hiyo akipatikana msafiri, gundi msinitumie, mtanifungisha. Nitumieni halua, mara mbili ya ile ya mwanzo: nusu niile, nusu niitegee. Na safari hii itieni kwenye kopo la bati, maana ukili wenu panya wa huku keshaujulia.

Mwanenu,
Bwana Matundu