Sifa za Daftari la Nyar Alego

Benki zina watu wa kulipwa kuzisifu. Daftari la madeni halina msemaji. Ninalolijua mimi lilishapoteza jalada, na limefungwa kwa kamba ya manila kwenye nondo za dirisha la duka hapa Otonglo, kando ya barabara ya Busia. Mwenye duka tunamwita nyar Alego, binti wa Alego. Limenilisha miaka minne, nami nimeona haya kuendelea kunyamaza.

Nianze na ukoo wake. Wasumeri walipobuni maandishi, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, hawakuanza na tenzi. Waliandika shayiri na kondoo: nani katoa, nani kapokea. Mashairi yote uliyowahi kuyasikia ni wadogo zake daftari hili. Hata jina la mtaa linaliunga mkono. Kwa Dholuo, otonglo ni senti kumi, na senti kumi ya enzi za mkoloni ilikuwa sarafu yenye tundu katikati. Wazee waliitunga kwenye uzi. Sisi tumerithi tundu.

Na upole wake! Mikopo ya simu, tangu M-Shwari ilipofungua mlango mwishoni mwa 2012, ina ada na ina tarehe. Programu moja, ambayo sitaitaja, ilimpigia baba mkwe wangu saa tatu usiku kumwarifu kwamba nadaiwa 2,300. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zimekataza kumwaibisha mdaiwa namna hiyo, ila mzee hasomi kanuni, na hadi leo huniuliza habari za "ule mzigo". Daftari halijawahi kumpigia mtu simu. Linaning'inia tu, limefunuka kwenye ukurasa wangu, kila anayekuja kununua kiberiti asome.

Tena lina elimu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Huku ziwani tumeendelea, tunakopea matanga yenyewe. Mchango wa mazishi ya mjomba wa jirani, nauli ya Siaya, fulana yenye picha ya marehemu: hayo hulipwa taslimu, papo hapo, mbele za watu. Unga wa wiki inayofuata ndio unaoingia daftarini. Na unaingia kwa vipimo vidogo vidogo, sukari ya kumi, mafuta ya ishirini, kipande cha sabuni, hivi kwamba mwisho wa mwezi nimelipia sukari kwa bei ya tajiri na kuila kwa kijiko cha maskini.

Januari nilipatwa na wazimu wa kulisaliti. Nikanunua daftari langu mwenyewe (kwa mkopo, pale pale dirishani) niandike kila shilingi itokayo. Siku ya nne nikaanza kuogopa mwandiko wangu. Chai na mandazi ya kibandani. Boda ya mwendo ambao mguu unaumaliza kwa dakika kumi. Halafu mkeka wa Jumamosi, mkeka ambao hakuna aliyewahi kuulalia: timu tisa za Ulaya, na daima ya tisa ndiyo hunifilisi. Peke yake uliushinda unga.

Niliacha mkeka. Boda nikaiaga. Sukari nikanunua kilo nzima, omena kwa gorogoro sokoni Kibuye, na mazishini nikaenda bila fulana, jambo ambalo shangazi zangu hawajalisamehe. Samaki wangu akawa mgongo wazi wa Obunga. Huyu ni mbuta ambaye minofu yake imeshapanda ndege kwenda kwa wenye nazo, kikabaki kichwa na uti wa mgongo, vikakaangwa kwa ajili yetu. Nilimtazama sahanini nikamtambua mara moja: ni mshahara wangu baada ya makato. Lakini mwenye subira hupata nyama nyuma ya kichwa, na nakiri ni tamu.

Ilichukua miezi mitano. Nyar Alego akaupiga ukurasa wangu mstari mwekundu kutoka pembe hadi pembe, na hapo ndipo nilipojua nimepoteza nini. Nilipokuwa nadaiwa, nikichelewa kurudi kutoka mjini aliniulizia. Malaria iliponilaza alimtuma mwanawe na uji, na kijana aliagizwa asiondoke kabla hajaniona nikikaa kitako. Tangu nilipomaliza kulipa nimekohoa wiki mbili, na hakuna aliyebisha hodi.

Juzi nilikwenda dirishani na noti ya mia tano, nikaomba mchele kilo mbili. Alinyoosha mkono kwenye daftari, kwa mazoea, kisha akalitazama, kisha akanitazama.

"Japuonj," akaniita, yaani mwalimu, "tumekosana?"

Nikamwambia hapana, mama, leo nina pesa. Akaichukua noti, akaigeuza, akaiinua juani, akamtafuta simba ndani yake kwa muda mrefu. Miaka minne nilipokuwa sina kitu, hakuwahi kunichunguza hivyo.